Daudi Kabaka: Mkenya aliyewachezesha Waingereza

Mwaka 1968, bendi ya Uingereza iitwayo The Tremeloes ilitoa kibao cha 'Helule Helule', kikapanda hadi nafasi ya 14 katika orodha ya nyimbo zilizouzwa zaidi nchini humo. Mtunzi wake hakuwa Mwingereza, bali Daudi Kabaka wa Kenya.

Kabaka alizaliwa mwaka 1939 huko Kyambogo, Uganda. Jina lake lilikuwa la mfalme wa Buganda, Daudi Chwa, aliyefariki mwaka huo huo. Asili yake ilikuwa Uluhyani, katika eneo la Vihiga, ambalo hadi mwaka 1990 lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kakamega.

Nyota yake iling'aa miaka ya 1960 jijini Nairobi, katika studio za Equator Sound zilizomilikiwa na Charles Worrod. Hapo alipiga muziki pamoja na Fadhili William na Wazambia Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Mdundo wao wa twist, uliochota ladha katika kwela ya Afrika Kusini, ulimpa Kabaka sifa ya mfalme wa mtindo huo.

Wimbo wake 'Harambee Harambee' uliitikia wito wa Mzee Jomo Kenyatta kwa taifa changa, nao 'Msichana wa Elimu' ukapendwa kote Afrika Mashariki.

Hata hivyo, umaarufu huo haukumtajirisha. Alipofariki mwaka 2001, vibao vyake vilikuwa vimesafiri mbali kuliko jina lake, na tunu aliyoliachia taifa ilikuwa kubwa kuliko tuzo aliyoipata.