Janusz Korczak: Mwalimu Aliyekubali Kuhukumiwa na Watoto

Katika masomo ya malezi wataalamu wengi hutajwa kwa ajili ya nadharia zao. Janusz Korczak yafaa akumbukwe kwa ajili ya matendo yake. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Henryk Goldszmit. Alizaliwa Warsaw, nchini Poland, mwaka 1878 au 1879, katika familia ya Kiyahudi. Baba yake, aliyekuwa wakili, aliugua akili akafariki mwaka 1896, na kijana akalazimika kufundisha watoto majumbani ili kuisaidia familia. Alihitimu udaktari mwaka 1905 akafanya kazi katika hospitali ya watoto. Mwaka 1912 akaanza kuongoza Nyumba ya Yatima iliyofunguliwa mtaa wa Krochmalna, akisaidiwa na Bibi Stefania Wilczyńska.

Humo waliishi watoto wapatao 100, wenye umri wa miaka 7 hadi 14. Tatizo lilikuwa moja: wataishije pamoja bila mwenye nguvu kumwonea mnyonge? Korczak alitambua kwamba uonevu mwingi hutendeka mahali ambapo jicho la mkubwa halifiki. Kwa hiyo aliwakabidhi watoto wenyewe sehemu ya ulinzi. Kila mgeni alipewa mwenzake mzoefu wa kumwongoza kwa miezi mitatu. Palikuwa na mahakama ya watoto, yenye waamuzi watano waliochaguliwa kwa kura miongoni mwa wale wasiokuwa na shauri wiki hiyo. Vifungu 99 vya mwanzo vya sheria yake vilihusu kuachilia na kusamehe. Hatia ilianza kutamkwa katika kifungu cha 100. Korczak mwenyewe alijishtaki mbele ya mahakama hiyo mara tano katika nusu mwaka, mathalani kwa kumpiga mvulana na kwa kumshuku msichana wizi.

Aidha palikuwa na kisanduku cha barua. Mtoto mwenye lalamiko au siri aliiandika akaitia humo. Korczak aliona kwamba kuandika kunamfunza mtoto kusubiri jibu, kupambanua dogo na kubwa, na kufikiri kabla ya kutenda. Wengine walirudi kuomba barua yao itolewe. Mwaka 1926 alianzisha gazeti la kila wiki lililotokana na barua za watoto wenyewe.

Majeshi ya Ujerumani yalipoiteka Warsaw, yatima hao walihamishiwa ndani ya ghetto mwaka 1940. Marafiki walitaka kumtorosha Korczak, naye akakataa. Mwanzoni mwa Agosti 1942 yeye, Bibi Stefania na watoto wapatao 200 walipelekwa kambi ya Treblinka, wakauawa.

Mwanafunzi wa darasa la sita au la saba leo aweza kuonewa kwa njia ambayo Korczak hakuijua. Picha au matusi yaliyopelekwa kwa simu husambaa usiku mmoja, wala hayarudishwi kama barua iliyotolewa kisandukuni. Hata hivyo swali ni lile lile: je, mtoto huyo ana mtu wa kumwambia? Akijua kwamba atachapwa kwa kushika simu, atanyamaza, na anayemtisha atazidi kupata nguvu. Kanuni za usalama hazina budi kufundishwa, lakini hazifai kitu pasipo mwalimu anayeaminika.

Wakati wa mazoezi ya kufundisha, mwanachuo aweza, kwa ridhaa ya mwalimu mkuu, kuweka kisanduku cha barua darasani, kukifungua kila siku na kumjibu kila mwandishi kwa faragha. Awafunze wanafunzi kungoja kabla ya kutuma neno waliloliandika kwa hasira. Ugomvi wa kawaida aweza kuwaachia waujadili kwa utaratibu wa haki. Lakini mtu mzima anapomwomba mtoto picha za utupu, au kumtisha, hilo si shauri la watoto: ushahidi uhifadhiwe bila kusambazwa, na habari zifikishwe siku hiyo hiyo kwa mwalimu mkuu, kisha kwa wazazi na vyombo vya sheria. Zaidi ya yote, mwalimu akimkosea mwanafunzi, amwombe radhi. Wanaomtazama ndio watakaoamua kama waseme naye au wanyamaze.