Dr. Nico: Gitaa lake lilisikika mpaka Mpanda, soko la santuri likamwangusha

Kama umekulia Mpanda na umri wako umevuka miaka 60, kuna mlio wa gitaa unaoujua hata kama jina la mpigaji limeshakutoka. Noti hazidondoki moja moja. Zinateleza na kuvutika, kama mtu anayelia kwa adabu.

Ni gitaa la Hawaii, lile la kulaza mapajani. Na katika rumba ya Congo, mtu aliyelipa heshima kubwa ni Nico Kasanda, ambaye Afrika nzima ilimwita Dokta Nico.

Alizaliwa Julai 7, 1939 kijiji cha Mikalayi, mkoa wa Kasai, kwenye familia ya wanamuziki. Kaka yake, Charles Mwamba maarufu Dechaud, naye alikuwa mpiga gitaa, na ndiye aliyempigia ridhimu karibu maisha yote. Ukisikia solo ya Nico inatamba bila wasiwasi, ujue nyuma yake kuna ndugu wa damu anayeshikilia nyumba isianguke.

Mambo yake makubwa yalifanyikia Leopoldville, ambayo leo ni Kinshasa. Miaka ya mwanzo ya 1950 mji ule ulikuwa na studio za Wagiriki na Wabelgiji waliokuwa wakirekodi vijana na kuuza santuri. Nyota wa wakati huo alikuwa Zacharie Elenga, aliyejiita Jhimmy, na sifa yake yote ilikuwa kupiga gitaa kwa mtindo wa Hawaii. Vijana wengi walimwiga, Nico akiwa mmoja wao.

Mwaka 1953 akaja Mbelgiji mmoja, Bill Alexandre, na gitaa la umeme. Mwaka huohuo Joseph Kabasele, yaani Grand Kallé, akaanzisha African Jazz. Nico aliingia humo akiwa na miaka 14 hivi, bado mwanafunzi! Shule hakuiacha. Mwaka 1957 alihitimu kama mwalimu wa ufundi, ila darasani hakukaa. Gitaa lilishamchukua.

Sasa hili gitaa la Hawaii lenyewe ni kitu gani?

Asili yake ni visiwa vya Hawaii, ambako karibu mwaka 1889 kijana aitwaye Joseph Kekuku alianza kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi badala ya kuzibonyeza kwa vidole. Gitaa unalilaza, mkono mmoja unadonoa nyuzi, mwingine unatembeza chuma. Halina pa kujificha. Chuma kikipita mahali pake kidogo tu, kila mtu anasikia umekosea.

Baadaye Wamarekani wakaliwekea miguu kama meza, nyuzi zikaongezeka, na chini zikafungwa pedali za kukanyaga zinazobadilisha sauti huku uzi bado unalia. Hilo ndilo gitaa la pedali unalolisikia kwenye nyimbo nyingi za kantri. Nigeria pia walilipokea, na King Sunny Adé akaliingiza kwenye bendi yake ya juju. Nico hakuhitaji pedali. Chuma na mkono wake vilitosha.

Siku hizi gitaa la zamani la aina hii likitangazwa kuuzwa, mnunuzi anayejua hakurupuki. Anauliza limetengenezwa kiwanda gani na mwaka gani, kama pikapu ni ileile ya mwanzo, kama rangi imeguswa, kama pedali zote zinarudi sawasawa, na kama boksi lake bado lipo. (Kwa hiyo kama babu alikuachia moja, usilipake rangi ili ling'ae. Utaua bei.) Kifaa kikitunzwa, uzee unakipandisha thamani. Aliyekipiga, mambo yanakuwa tofauti, na kwa Nico ndivyo ilivyokuwa.

Januari 1960 wanasiasa wa Congo waliitwa Brussels kujadili uhuru wa nchi yao. African Jazz nao wakaenda kutumbuiza, Nico akiwa na miaka 20. Huko huko wakarekodi Indépendance Cha Cha, wimbo uliozunguka bara zima mwaka ule ambao nchi nyingi zilipandisha bendera zao. Gitaa unalolisikia mle ni lake.

Na hapa ndipo Mpanda inapoingia. Reli kutoka Kaliua ilishafika tangu 1950, kwa ajili ya madini ya risasi, na mji ulikuwa na watu wa mshahara kutoka kila upande. Magharibi ni Karema, na ukivuka Ziwa Tanganyika uko Congo. Binadamu alihitaji boti. Redio haikuhitaji boti wala hati ya kusafiria. Usiku, mawimbi ya Leopoldville na Brazzaville yalifika bila kupiga hodi.

Maneno yalikuwa Kilingala, na wengi waliimba wasichokijua. Wala hilo si la kuonea aibu. Hata Nico alitoka Kasai, wanakozungumza Kiluba. Gitaa ndilo lililokuwa likieleweka na wote.

Mwaka 1963 ugomvi wa pesa na uongozi uliivunja African Jazz. Nico na mwimbaji Tabu Ley Rochereau waliondoka na wenzao, wakaunda African Fiesta. Kwa mawazo yangu, bendi tamu kuliko ile haijatokea tena Kinshasa. Sauti ya Rochereau juu, solo ya Nico katikati, Dechaud nyuma.

Haikudumu. Mafahali wawili wale, zizi moja halikuwatosha. Kufikia 1966 kila mmoja alishashika njia yake, na Nico akabaki na African Fiesta Sukisa. Ni kipindi hiki ambacho gitaa la Hawaii lilitoka mbele kabisa kwenye baadhi ya nyimbo zake, na mashabiki wakafika hatua ya kumwita mungu wa gitaa.

Tanzania nayo ilikuwa ikisikiliza. Bendi kutoka Congo zilivuka mpaka na kuweka makazi hapa, Maquis wakiwa mfano unaojulikana zaidi. Wapiga solo wa enzi ile, awe Mkongo au Mtanzania, walikuwa wakipimwa kwa kulinganishwa na mtu huyu.

Tatizo ni biashara. Mwanamuziki wa Kinshasa aliishi kwa santuri, na santuri ziliishi kwa kampuni za Ulaya. Yeye alileta kipaji, wenye mitambo na mikataba walikuwa wengine. Katikati ya miaka ya 1970 kampuni ya Ubelgiji iliyokuwa ikitoa kazi zake ilianguka, na Nico akaanguka nayo. Hakuwa amefika hata miaka 40.

Wakati huo nchi ilishakuwa Zaire, na Mobutu alishaagiza watu waache majina ya Kizungu. Nicolas akawa Kasanda wa Mikalayi. Jina lilibadilika, hali ya mfukoni haikubadilika. Rochereau aliendelea kung'aa na bendi yake, Franco na OK Jazz wake wakatawala jiji, na vijana wa Zaïko Langa Langa wakaja na mtindo wa kasi. Dokta akawa mtu wa kusimuliwa.

Alijaribu kurudi. Miaka ya mwanzo ya 1980 alikwenda Lomé, Togo, akarekodi nyimbo za mwisho. Ukizisikiliza leo, vidole bado ni vyake, ingawa studio ni ya zama nyingine, na unahisi anacheza uwanja wa ugenini.

Septemba 22, 1985 alifariki hospitalini Brussels, akiwa na miaka 46. Ni mji uleule aliorekodi wimbo wa uhuru miaka 25 nyuma.

Kazi zake zimekuwa zikitolewa upya Ulaya, kwanza kwenye santuri kubwa, kisha CD, na sasa unazipata kwenye simu yako kwa bando dogo tu. Tafuta za miaka ya 1960, vaa visikilizi, halafu subiri pale gitaa linapoanza kuteleza.