Woolman: Bwana shamba aliyejenga shirika la ndege

MASHIRIKA mawili ya ndege yanapoungana, watu wengi huona jina jipya na rangi mpya. Kazi ngumu iko karakana, ambako ndege za aina mbalimbali, mpya na kuukuu, zinakutana chini ya tajiri mmoja, naye lazima aamue ipi ibaki na ipi iuzwe. Mwaka 1953 uamuzi huo ulimwangukia Collett Everman Woolman wa Marekani, mtu aliyeanza maisha ya kazi kwenye mashamba ya pamba.

Woolman alizaliwa Oktoba 8, 1889 katika mji wa Bloomington, jimbo la Indiana. Alisomea kilimo Chuo Kikuu cha Illinois na kuhitimu mwaka 1912. Akiwa bado mwanafunzi, mwaka 1909, alisafiri hadi Reims, Ufaransa, kuona maonyesho ya ndege, chombo ambacho wakati huo wengi walikiona ni mchezo wa matajiri. Baada ya masomo alihamia Louisiana, akasimamia shamba kubwa, kisha akawa bwana shamba wa eneo la Monroe.

Wakati huo wakulima wa pamba wa kusini mwa Marekani walikuwa wanaangamizwa na fukusi wa vitumba, mdudu mdogo anayetaga mayai ndani ya kitumba kabla hakijafunguka. Mtaalamu wa wadudu wa serikali, Dk. Bert Coad, aliyekuwa kituo cha Tallulah huko huko Louisiana, alikuwa akijaribu kumwaga unga wa sumu ya arseniki kutoka angani. Ndege moja ilimaliza kwa muda mfupi shamba ambalo vibarua wangehangaika nalo siku nyingi. Kampuni ya Huff Daland Dusters iliingia kwenye biashara hiyo, na mwaka 1925 ilipohamia Monroe, Woolman alijiunga nayo. Alikuwa mtu wa kuwashawishi wakulima, maana lugha yao aliijua.

Tatizo lilikuwa msimu. Pamba ikishavunwa, ndege zinakaa bure na marubani wanataka mishahara. Woolman akazipeleka Peru, kusini mwa Ikweta, ambako wakulima walikuwa shambani wakati Marekani ni majira ya baridi. Desemba 1928 yeye na wenzake walinunua biashara hiyo na kuiita Delta, kwa jina la bonde la Mto Mississippi.

Juni 17, 1929 Delta ilianza kubeba abiria kati ya Dallas na Jackson, kwa ndege ya watu watano. Mwaka uliofuata ilikosa mkataba wa kubeba barua za serikali, na bila barua abiria peke yao hawakulipa gharama. Ikabidi iuze safari hizo. Kilichoiokoa ni pamba: Woolman alirudi kunyunyizia mashamba hadi mwaka 1934 alipopata mkataba wa barua na kurudi kwenye abiria.

Mei 1, 1953 Delta iliungana na Chicago and Southern. Carleton Putnam, mwanzilishi wa shirika hilo la pili, akawa mwenyekiti, na Woolman akabaki kuwa mtendaji mkuu. Muungano uliipa Delta njia za kwenda Chicago, Houston na visiwa vya Karibiani. Uliipa pia mchanganyiko wa ndege. Delta ilikuwa na DC-3, DC-4, DC-6 na Convair 340. Wenzao walileta DC-3 zao na Constellation, ndege nzuri ya injini nne na mikia mitatu, iliyotoka kiwanda cha Lockheed.

Mwenye matrekta ya viwanda vitatu tofauti anaijua shida hii. Kila aina inataka vipuri vyake stoo, mafundi waliofunzwa na marubani wenye leseni yake. Constellation ilifanya kazi ile ile iliyofanywa na DC-6. Lakini DC-6 na Convair zilitumia injini za jamii moja, kwa hiyo mafundi wale wale walizihudumia zote. Mwaka 1954 Constellation ziliuzwa kwa shirika la TWA. DC-4, ambazo hazikuwa na mfumo wa kuhifadhi hewa kwa ajili ya kuruka juu sana, nazo ziliondoka.

DC-3 zilikuwa kongwe kuliko zote, na hizo ndizo zilizobaki. Ndege hiyo, ambayo Afrika Mashariki ilijulikana kama Dakota, ilikuwa imeshajilipa zamani, na kwenye miji midogo yenye abiria wachache hakuna mpya iliyoishinda kwa gharama. Delta iliitumia hadi mwaka 1963.

Hesabu za Woolman hazikwenda sawa siku zote. DC-7 alizoanza kuzitumia mwaka 1954 zilikuwa na kasi, ila injini zake ziliwasumbua mafundi. Delta ilipopata njia ya New York mwaka 1956, ilipungukiwa ndege, ikalazimika kuchukua Constellation nyingine, tena za toleo la zamani kuliko zile ilizouza. Zilitumika hadi mwaka 1958.

Kisha zikaja ndege za jeti. Septemba 18, 1959 Delta ilikuwa ya kwanza kubeba abiria kwa DC-8, na Desemba 1965 ikawa ya kwanza kwa DC-9, jeti ndogo ya safari fupi. Woolman alifariki Septemba 11, 1966 mjini Houston, akiwa na umri wa miaka 76. Kitengo cha kunyunyizia mashamba, alichokuwa amekishikilia miaka yote hiyo, kilifungwa mwaka huo huo.

DC-9 alizozinunua ziliishi baada yake. Delta iliziondoa za kwake mwaka 1993, lakini ilipoungana na Northwest mwaka 2008 ikajikuta inarithi nyingine. Ya mwisho ilibeba abiria Januari 6, 2014, kutoka Minneapolis kwenda Atlanta.