Msharasi wa Coupvray na macho ya wanafunzi wetu

Kila mwaka ninapofundisha somo la mifumo ya uandishi, hufika siku ya kuwasimulia wanafunzi wangu maisha ya Louis Braille. Zamani nilimtaja jinsi wanaisimu wamtajavyo, yaani kama mvumbuzi wa hati. Siku hizi huanza na macho yake, na sababu nitaieleza.

Braille alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 katika kijiji cha Coupvray, mashariki ya mji wa Paris, Ufaransa. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Siku moja, mtoto akiwa na umri wa miaka 3, aliingia katika karakana ya babake akachezea chombo chenye ncha kali cha kutobolea ngozi, mfano wa msharasi wa mafundi wetu wa viatu. Kilimchoma jicho. Jeraha lilifanya usaha, na hatimaye jicho la pili, ambalo halikuguswa na chochote, nalo likaugua. Alipotimu miaka 5 alikuwa haoni kabisa. Wakati huo dawa za kuua viini hazikuwapo. Leo madaktari wanafahamu kwamba jeraha la jicho moja laweza kuufanya mwili wenyewe ulishambulie jicho lililo zima, na kwamba mgonjwa akiwahiwa, mara nyingi jicho hilo huokolewa.

Wazazi wake hawakumficha nyumbani. Alisoma na watoto wenzake kijijini, kisha mwaka 1819 akapelekwa Paris katika shule ya vipofu iliyoasisiwa na Valentin Haüy. Huko vitabu vilipigwa kwa herufi za kawaida zilizoinuliwa juu ya karatasi. Vilikuwa vizito na vichache, na kidole kilivisoma kwa taabu.

Mwaka 1821 shule hiyo ilipokea hati ya nukta iliyobuniwa na Charles Barbier, aliyepata kuwa afisa wa jeshi. Alama moja iliweza kuwa na nukta 12, na iliwakilisha sauti badala ya herufi. Kwetu sisi tunaoandika Kiswahili karibu kama tunavyokitamka, tofauti hiyo yaweza kuonekana ndogo. Katika Kifaransa, ambamo tahajia na matamshi yameachana mbali, kipofu aliyetegemea hati hiyo asingejua maneno yanavyoandikwa na wenzake. Braille aliliona tatizo hilo. Alipunguza nukta zikawa 6, zinazotoshea chini ya ncha ya kidole, na kila alama akaipa herufi yake. Kutokana na nukta hizo hupatikana alama 63. Kazi hiyo aliikamilisha mwaka 1824 akiwa na umri wa miaka 15, na akaichapisha mwaka 1829.

Baadaye alikuwa mwalimu katika shule hiyo hiyo, na pia mpiga kinanda kanisani. Kifua kikuu kilimwua tarehe 6 Januari 1852. Shule yake iliikubali hati hiyo rasmi mwaka 1854, yeye akiwa kaburini. Hapa kwetu, Shule ya Vipofu ya Thika, iliyoanzishwa mwaka 1946, imewasomesha vijana wengi kwa nukta hizo.

Sasa nitoe sababu niliyoahidi. Kabla ya kuingia chuo kikuu nilifundisha shule ya upili. Nyuma ya darasa aliketi kijana aliyenakili kila kitu kombo kutoka ubaoni. Nilimwita mvivu mbele ya wenzake, na zaidi ya mara moja nikamwadhibu. Muhula uliofuata alirudi amevaa miwani, na makosa yake yakatoweka. Ugonjwa wake ulikuwa kutoona mbali, basi. Kijana hakunilaumu, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Walimu wenzangu, wanafunzi wengi wanaotaabika darasani hawahitaji nukta za Braille. Wanahitaji kupimwa macho. Mtoto anayekunja uso akitazama ubao, anayekaribisha kitabu puani, anayeumwa kichwa kila jioni au ambaye jicho lake limepinda, apelekwe akapimwe kabla ya kuitwa mzembe. Jicho likichomwa, lisisuguliwe, lisikandamizwe, wala kilichonasa ndani kisichomolewe, na dawa za kienyeji zisitiwe. Lifunikwe kwa kitu kikavu kisicholigusa, na mgonjwa afikishwe hospitalini siku hiyo hiyo. Likiingiwa na kemikali, lioshwe papo hapo kwa maji mengi safi, kisha safari ya hospitali ifuate.

Aidha, sisi watu wazima tusijisahau. Nilipovuka miaka 40 nami nilianza kusogeza gazeti mbali ili nilisome, jambo la kawaida linalotibiwa kwa miwani. Lakini presha ya macho, yaani glaukoma, mara nyingi hula nuru polepole bila maumivu, na nuru ikishapotea hairudi. Mtoto wa jicho, kinyume chake, huondolewa kwa upasuaji. Mwenye ugonjwa wa sukari naye apimwe macho kila mwaka hata kama anaona vizuri.

Braille aliwafungulia vitabu wale ambao macho yao hayangeweza kuokolewa. Wale ambao macho yao yangali yanaokoleka, amana yao iko mikononi mwetu, na kazi ya kwanza ni kumtazama vizuri yule mtoto aliyeketi nyuma.