Denis Burkitt: Mpasuaji aliyeweka kisu chini kuokoa watoto

JINA la Dkt Denis Burkitt hutajwa hadi leo katika matibabu ya watoto kwenye Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, ingawa mwenyewe aliaga dunia Machi 23, 1993. Ndilo jina la saratani inayowapata watoto wa maeneo yenye malaria nyingi, yakiwemo ya magharibi mwa Kenya.

Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, Februari 28, 1911. Akiwa na umri wa miaka 11, alipoteza jicho moja katika ajali. Katika Chuo cha Trinity, Dublin, alianza kwa uhandisi kabla ya kugeukia udaktari, akafuzu mwaka wa 1935. Alipoomba kazi katika makoloni, alikataliwa kwa sababu ya jicho hilo.

Vita vya Pili vya Dunia vilimleta Afrika Mashariki akiwa daktari wa jeshi. Mwaka wa 1946 alipata kazi Uganda, kwanza Lira kisha Hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka wa 1957, Dkt Hugh Trowell alimwita amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote. Wiki chache baadaye, mjini Jinja, Burkitt alimwona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa taya na wa tumbo pia. Alipopekua kumbukumbu za hospitali, alitambua kwamba maradhi yaliyodhaniwa kuwa mbalimbali yalikuwa ugonjwa mmoja. Alichapisha maelezo yake mwaka wa 1958.

Hata hivyo, kisu hakikufua dafu. Kukata taya kulimharibu mtoto sura na kumwongezea maumivu, na uvimbe ulirejea upesi.

Mwaka wa 1961, Burkitt na madaktari Ted Williams na Clifford Nelson walisafiri kwa gari kuukuu takriban kilomita 16,000 hadi Afrika ya kusini, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine. Ilibainika kuwa ugonjwa ulienea katika nyanda za chini zenye joto na mvua, wala si kwenye miinuko. Eldoret yenyewe iko juu ya mita 2,000. Wagonjwa hupelekwa huko kutoka mabondeni.

Mwaka huo huo alitoa mhadhara London uliomvutia Anthony Epstein, ambaye mwaka wa 1964 yeye na wenzake walitangaza kugundua virusi katika uvimbe huo.

Burkitt alijaribu dawa za saratani, na baadhi ya watoto uvimbe wao uliyeyuka kwa siku chache. Lakini alitumia alichopata, bila kundi la kulinganishia. Ushahidi thabiti ulihitaji wagonjwa wagawanywe kwa kura, ili matumaini ya daktari yasipotoshe matokeo.

Kazi hiyo iliendelezwa na kituo kilichofunguliwa Mulago mwaka wa 1967. Mwaka wa 1976, Mganda Charles Olweny na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililolinganisha dawa moja na mseto wa dawa.

Wakati huo Burkitt alikuwa Uingereza, akihimiza watu wale vyakula vyenye nyuzinyuzi. Alikokuwa amewaacha wagonjwa wake, dawa ndizo zilizokuwa zimechukua nafasi ya kisu.