Martin Luther na Wema wa Mungu

Martin Luther alizaliwa Eisleben, nchi ya Ujerumani, mwaka 1483. Twamtaja sana kwa mashindano yake na Papa. Lakini vita yake ya kwanza ilikuwa juu ya hofu yake mwenyewe. Mwezi wa Julai 1505 radi ilipiga karibu naye njiani, naye kwa kuogopa mauti akaweka nadhiri ya kuwa mtawa. Huko Erfurt akafunga, akakesha, akaungama hata saa sita mfululizo, asipate raha. Maana alimjua Mungu kuwa Hakimu tu. (Hata leo twawaona Wakristo wa namna hiyo katika sharika zetu.) Staupitz, mkuu wa watawa wale, akamwelekeza kwenye majeraha ya Kristo. Baadaye, akifundisha Maandiko Wittenberg, aliitafakari Warumi 1:17 usiku na mchana, hata akafahamu ya kwamba haki ya Mungu si fimbo ya kutupiga, bali ni kipawa apewacho aaminiye. Misiba haikukoma. Mwaka 1542 binti yake Magdalena, mwenye miaka 13, alifariki mikononi mwake. Alilia sana, akamkabidhi kwa Baba. Naye akafa Eisleben, Februari 1546. Katika karatasi yake ya mwisho alituhesabu sote kuwa maskini wa kuomba.