Edgar Codd: Rubani wa vita aliyerahisisha hesabu za ghala

KARANI wa ghala la mpunga mjini Ifakara anaweza kuwa na karatasi mbili ndani ya programu ya Excel. Moja ina majina ya wakulima na vijiji vyao, nyingine ina magunia yaliyopokelewa na fedha zilizolipwa.

Akitaka kujua wakulima wa Mang'ula bado wanadai kiasi gani, atapekua mstari kwa mstari hadi usiku, au ataendesha makro inayopeleka swali moja la lugha ya SQL kwenye karatasi zote mbili na kuleta jibu papo hapo.

Msingi wa swali hilo uliwekwa na Mwingereza Edgar Frank Codd.

Codd alizaliwa mwaka 1923 huko Portland, kusini mwa Uingereza. Alisoma hisabati na kemia katika Chuo Kikuu cha Oxford, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikuwa rubani wa jeshi la anga.

Mwaka 1948 alihamia Marekani, na mwaka uliofuata aliajiriwa na kampuni ya IBM. Mwaka 1953 aliondoka kwenda Canada, akichukizwa na msako wa kisiasa wa Seneta Joseph McCarthy. Alirejea mwaka 1957, na mwaka 1965 alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Michigan, akiwa amevuka umri wa miaka 40.

Enzi hizo kanzidata ilikuwa kama ghala ambalo mtunza stoo peke yake ndiye anayejua gunia lilipo. Aliyetaka taarifa ilimbidi aijue njia ya kuifikia.

Mwaka 1970 Codd alichapisha makala iliyopendekeza kila taarifa iwekwe kwenye majedwali yenye mistari na safu, kila mstari ukiwa na utambulisho wake. Mtumiaji aseme anachotaka, kompyuta itafute yenyewe.

Hata hivyo, IBM ilikuwa ikipata fedha kutokana na mfumo wake wa zamani, IMS, na haikuharakisha wazo hilo. Wenzake Donald Chamberlin na Raymond Boyce walibuni lugha iliyokuja kuwa SQL, lakini kampuni iliyoitwa baadaye Oracle ndiyo iliyowahi sokoni mwaka 1979. Codd alipewa Tuzo ya Turing mwaka 1981. Alifariki dunia Florida mwaka 2003.

Bonde la Kilombero linaijua faida ya kuunganisha orodha. Tangu mwaka 1996, kituo cha utafiti ambacho leo ni Taasisi ya Afya Ifakara kimekuwa kikisajili kaya za Kilombero na Ulanga, pamoja na vizazi na vifo. Kumbukumbu hizo zilipolinganishwa na matumizi ya vyandarua vyenye dawa, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kuwa uhai wa watoto wa mwezi 1 hadi miaka 4 uliongezeka kwa asilimia 27.

Kwa karani wa ghala, kazi huanza kabla ya makro. Kila mkulima apewe namba yake, kwani majina hufanana, na namba hiyo iandikwe kwenye karatasi zote mbili. Kilo na bei zikae safu tofauti. Bila hayo, makro italeta jibu haraka, lakini litakuwa la uongo, na mkulima ndiye atakayepunjwa.